Maneno ya Nywele Katika Jamaa Yetu

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya jamaa, siku ya pili ya mkutano)



Kamati imenipa robo saa niseme juu ya lugha yetu. Nilitumikia serikali miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, na robo saa ya serikali naijua urefu wake. Msiwe na hofu, leo nitaifuata saa ya ukutani. Nimechagua habari ya nywele kwa kuwa kila aliyemo humu amekuja nazo, au anakumbuka alipokuwa nazo.

Nianze na kitenzi chenyewe. Kitenzi kinachosuka mkeka, ukili na kamba ndicho kinachosuka kichwa, na mwenye hila naye husuka. Lakini msuko ukichakaa hatuusukui: twaufumua, kwa neno la kuazima kwa mfumaji wa nguo. Kuna pia kusukana, na hapa ndipo penye siri ya kazi yenyewe. Wapo wachache wenye mikono ya kujisuka, lakini kwa kawaida mambo ni kama ya kinyozi, hajinyoi. Anayesukwa huketi chini mkekani baina ya magoti ya mwenzake, saa moja au mbili, wala hawezi kuondoka. Mimi majina ya mababu zetu sikuyapata shuleni. Niliyapata kichwa kimeinamishwa, mafuta ya nazi yakinichirizika shingoni, na chanuo la mti likinikumbusha kila nilipotikisika.

Mitindo ilikuwa na majina, na majina yalikuwa na kazi. Twende kilioni ni misuko ya mistari iendayo moja kwa moja nyuma. Nyumbani kwetu Tanga tulielewa hivi: habari ya msiba imefika, hakuna wakati wa madoido, kaa nikusuke upesi twende. Mtindo huohuo Wamarekani huuita safu za mahindi, na watu wa visiwa vya Karibi huuita safu za miwa. Wao wametazama shamba. Sisi tumetazama msiba wa jirani. Mabutu ni mafungu machache makubwa, ya mtoto wa shule au ya kulalia, na mwanamke mzima hakutoka nayo barazani. Kusuka kwa uzi mweusi kulikuwa kwa siku za kawaida, na uzi ulipofumuliwa nywele zilitoka zimenyooka kidogo. Kamusi za zamani zina kusonga nywele pia, neno ambalo siku hizi tumewaachia wapishi wa ugali.

Wanaume wasidhani wamesalimika. Kukata denge ni kunyoa kichwa na kuacha nywele za utosini tu. Kilichoachwa kikiwa kishada huitwa kishungi, jina tunalompa pia ndege mwenye kishada kichwani. Vijana walipoleta kiduku, ule ukanda wa katikati, wazee walisema dunia imekwisha. Kumbe ni denge limerudi na jina jipya.

Maneno ya nje yalikuja pamoja na vitu vyake: wigi, afro, kalikiti ya miaka ya 1980, rasta, dredi. Mwezi wa Oktoba 1968, nikiwa mtoto wa shule, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 mawigi yalipigwa marufuku pamoja na sketi fupi. Marufuku hayo hayakudumu kama lilivyodumu neno wigi.

Sasa nifike palipo pagumu. Tuna maneno mawili yasiyotaja mtindo bali maumbile: nywele za singa, yaani zilizonyooka, na nywele za kipilipili, zilizojiviringa mfano wa punje za pilipili. Katika kamusi ni maelezo tu. Katika nyumba zetu hayakuwa maelezo. "Mtoto kachukua singa za baba yake" ilikuwa pongezi. "Maskini, kipilipili" ilikuwa pole. Sote tunajua yalikotoka. Pwani yetu ilipima watu kwa nasaba, na nywele zikafanywa shahidi. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini kipimo kile kilibaki sebuleni, kikatumika kuwapanga hata watoto wa tumbo moja.

Jana jioni niliwauliza wajukuu waliokuwa jikoni. Twende kilioni hakuna aliyeijua. Mabutu walidhani ni chakula. Kipilipili walilijua wote, tena walijua ndani ya jamaa hii huambiwa nani. Hawakulipata mtaani London wala Toronto. Wamelipata kwetu, kwa simu, kutoka kwa watu wawapendao. Maneno ya mikono tumeyapoteza njiani, na neno la dharau tumelivusha bahari salama.

Nasema kwa adabu mbele ya wakubwa zangu: neno hili tulirudishe kwenye maana yake ya kamusi, au tulinyamazie. Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapa Uingereza iliamua kwamba shule moja iliyomkatalia mvulana kuja na misuko ilimbagua kinyume cha sheria, ingawa si kwa njia ya moja kwa moja. Mtoto wetu akipata haki kwa jaji, asije akakosa kwa shangazi yake.

Liko jambo jingine, na akina mama wanaoosha maiti wanalijua. Mwanamke akishaoshwa, nywele zake husukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Katika miji tunayoishi wako wanaojitolea kwa kazi hiyo, Mwenyezi Mungu awalipe. Hata hivyo ningependa kichwa changu siku hiyo kishikwe na binti wa jamaa hii, na mikono yake isiwe inajifunza kusuka kwangu.

Kwa hiyo nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali. Baada ya chakula cha mchana mikeka miwili itatandikwa chumba cha nyuma, mmoja wa wasichana na mmoja wa wavulana wanaotaka. Mafuta ya nazi yapo, uzi mweusi upo; machanuo ni machache, aliye nalo alilete. Dada zetu wa Mombasa na wa Maskati waketi juu vitini, wasuke huku wakitaja kila mtindo kwa jina walilokua nalo. Daftari la kuandikia majina hayo nitalishika mimi.