Mpira Uko Wapi? Namna Redio za Biashara Zinavyochagua Watangazaji wa Mechi Mubashara



Mtaani kwetu Ilala yupo mzee asiyeona. Presha ya macho ilimpofusha ukubwani. Siku ya mechi huketi barazani na redio yake ya betri, na mapajani huweka kipande cha boksi alichochorewa uwanja kwa ncha ya kisu, ili mistari aipapase kwa kidole: magoli mawili, mstari wa kati, kumi na nane ya huku na kumi na nane ya kule. Mpira wake ni kifuniko cha soda. Mtangazaji akisema Yanga wanapanda kulia, kifuniko kinapanda kulia. Krosi ikipigwa, kifuniko kinaingia ndani.

Nimekaa naye mechi nyingi. Zilizonifunza zaidi ni zile dakika ambazo kifuniko kinakwama. Redioni watu wawili wanabishana kwa bashasha kuhusu kocha na mchezaji aliyewekwa benchi, na mzee amekibana kifuniko kwa kidole palepale kilipoachwa, pembeni kabisa karibu na kibendera, anangoja. Jioni moja alinigeukia akauliza, "Mwanangu, hivi ile kona walishapiga?"

Mada yangu yote imo katika swali hilo. Redio zetu za biashara zina vigezo vingi vya kumpata mtangazaji wa mpira, lakini kigezo cha kwanza tumekiacha: je, anaweza kumwambia asiyeona mpira uko wapi, uko kwa nani na unakwenda wapi, sekunde hii?

Waliotangulia walilijua hili tangu mwanzo. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi ya ligi mubashara kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United katika uwanja wa Highbury, jarida lake la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliokatwa miraba yenye namba. Teddy Wakelam alisimulia mchezo, na mwenzake akawa anataja namba ya mraba ambao mpira umefika. Msikilizaji alikaa nyumbani na mchoro mapajani. Mzee wa Ilala hajawahi kusikia habari za Highbury, lakini amejitengenezea kitu kilekile kwa sababu haja ni ileile.

Na sisi tulikuwa na shule yetu. Waliokulia kwenye mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam wanazikumbuka sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, aliyetutoka Mei 2025. Wakenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, ambaye naye alifariki Februari ya mwaka huohuo. Novemba 1993 Simba walipofungwa 2-0 na Stella Abidjan ya Ivory Coast hapa Dar es Salaam, kwenye fainali ya Kombe la CAF, Tanzania Bara ilikuwa bado haijazoea televisheni. Watu wa Tabora na Songea waliuona msiba ule kwa masikio. Mwaka huohuo wa 1993 ndipo ilipopitishwa sheria ya utangazaji iliyofungua milango kwa vituo binafsi. Kwa hiyo redio za biashara zilirithi wasikilizaji waliokwisha kuzoeshwa kuonyeshwa mpira kwa maneno.

Lakini redio hizo zilijenga kitu kingine, na zilikijenga vizuri: kipindi cha michezo cha studio. Asubuhi, mchana na jioni watu wanabishana, wanachambua, wanapokea simu, na wadhamini wanapanga foleni. Mastaa wa vipindi hivyo ni wachambuzi. Siku ya mechi ikifika, bosi anaona aibu kumwacha staa wake ofisini, anamkabidhi kipaza sauti. Hapo ndipo tunapochanganya kazi mbili. Mchambuzi anaeleza kwa nini beki wa kushoto anaachwa peke yake. Mtangazaji anasema kwamba sasa hivi beki wa kushoto yuko peke yake, mpira unatoka katikati kwenda kwake, na winga amekwisha kumpita. Aliyeizoea kazi ya kwanza kwa miaka 10 anaweza kabisa asiiweze ya pili, na hilo halimpunguzii heshima.

Niliwahi kuketi kwenye jopo la usaili katika kituo ambacho sitakitaja. Fomu tuliyopewa ilikuwa na safu ya kwanza ya idadi ya wafuasi mtandaoni, ya pili ya sauti, ya tatu ya timu anayoishabikia, maana bosi alitaka Simba mmoja na Yanga mmoja. Kila msailiwa aliwekwa mbele ya runinga iliyozimwa sauti, atangaze dakika 10. Mimi niligeuza kiti nikaipa runinga mgongo, nikachora uwanja kwenye daftari na kuufuata mpira kwa penseli.

Kijana wa kwanza alikuja na jina kubwa. Alifungua kwa mngurumo, akawapa wachezaji majina ya utani, akawasalimu mashabiki wake wa Mbagala na Tandika. Penseli yangu haikutoka kwenye duara la kati. Wa nne alikuwa binti aliyefundisha shule ya msingi mkoani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo. Akaanza: mpira wa kurusha, upande wa mzunguko, hatua chache kupita mstari wa kati, umerushwa kwa kiungo, kiungo anageuka, anaangalia, anaurudisha nyuma, beki wa kati hana presha, anautanguliza mrefu kulia. Penseli ilikuwa inakimbia. Lilipoingia goli, nililijua kabla hajapaza sauti, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mshambuliaji amebaki na kipa.

Kazi alipewa kijana. Nilitia sahihi kwenye ile fomu pamoja na wenzangu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Ndiyo maana ninapendekeza usaili uanzie kwenye daftari. Wajopo waipe runinga mgongo, na mmoja wao awe mtu asiyeona kweli, alipwe kama wajopo wengine. Sauti na jina viangaliwe baadaye. Kisha wasailiwa wawili watatu waliofuzu wapelekwe uwanjani, maana anayetangaza kwa kutazama runinga anaona anachoonyeshwa na kamera tu. Pale uwanja wa Benjamin Mkapa, ukikaa juu, unamwona mshika kibendera wa upande wa pili ameinua mkono kabla kamera haijahama. Jicho linalotafuta nje ya mpira halipimiki studio.

Ushabiki nao upimwe, badala ya kuulizwa. Hapa kwetu ni nadra kumpata mtu wa mpira asiye na timu, na kujifanya hana timu ni uongo wa bure. Mwekee msailiwa picha za timu yake ikifungwa dakika za lala salama, uhesabu sekunde kutoka mpira kugusa nyavu mpaka ataje jina la mfungaji. Kisha mwekee timu yake ikifunga, uhesabu tena. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili itakwambia mengi kuliko maelezo yake.

Majina ni adabu. Pacôme Zouzoua alipotua Yanga mwaka 2023 na Jean Charles Ahoua alipokuja Simba mwaka uliofuata, tulisikia kila kituo na matamshi yake. Kumpigia simu msemaji wa klabu ni kazi ya dakika tano, na msailiwa aliyepewa orodha ya vikosi siku moja kabla anapaswa awe ameshapiga.

Nije kwenye fedha, maana hii ni biashara na bila wadhamini wengi wetu tusingekuwa hapa. Tangazo la mdhamini lina nafasi yake ndani ya mechi: goli kiki, mchezaji anapofanyiwa matibabu, wachezaji wanapobadilishwa. Mpira huwa umesimama kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Shida ni mtangazaji asiyejua kuliacha tangazo katikati ya sentensi pale mpira unaporushwa haraka. Basi apewe tangazo mkononi siku hiyohiyo ya usaili, tuone anachagua nini. Mameneja wa masoko nao waandike kwenye mkataba kwamba tangazo lililokatwa na shambulizi litasomwa tena, ili mtangazaji asiogope kulikata.

Kuhusu kampuni za ubashiri nina msimamo mkali zaidi. Tangu SportPesa ilipowadhamini Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2017, fedha za kubashiri zimeingia ndani kabisa ya soka letu. Anayetuambia kama mkwaju wa penalti ni halali asiwe ndiye anayetuhimiza kuwekea dau mechi hiyohiyo. Tangazo hilo lisomwe na mtu wa studio wakati wa mapumziko.

Suala la stashahada na ithibati lina sheria yake, ile ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake, tuzifuate. Wanawake je? Uingereza ilifika 2007 ndipo Jacqui Oatley akawa mwanamke wa kwanza kutangaza mechi kwenye kipindi cha Match of the Day cha BBC, na yalizuka makelele mengi. Sisi tuna ligi ya wanawake, na hata hiyo sehemu kubwa tunaisikia kwa sauti za wanaume. Jopo lililoipa runinga mgongo na kushika penseli litamsikia mwalimu wa shule ya msingi.

La mwisho ni malipo. Mtangazaji wa mpira katika vituo vingi ni deiwaka: analipwa kwa mechi, nauli juu yake, na mechi ikiahirishwa anarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hapati nafasi ya kwenda kutazama mazoezi wala kujifunza mgongo wa kila mchezaji. Anategemea namba, na mvua ikinyesha namba zinafichwa na matope.

Nimekuja na rekodi nne za dakika tatu kila moja, zote za kipande kimoja cha mechi. Nimeondoa majina. Kwenye kila meza kuna boksi lililochorwa uwanja na kifuniko cha soda. Naomba mtu wa projekta aizime, sote tufumbe macho, na tuanze na sauti ya kwanza.