CHOMBO KISICHOTIWA UBAO
Hotuba kwa vijana na wazazi wa Faza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu. Ramadhan Karim.

Mada yangu ni kompyuta. Huenda mwengine akasema, "Kompyuta na Ramadhan, wapi na wapi?" Subiri kidogo. Zinakutana kwenye pesa ya mzazi.

Hebu tuanze na tunalolijua. Wazee wetu Wabajuni walikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba. Kamba zikioza, zilishonwa upya. Mpaka leo jahazi likipandishwa pwani, fundi hutoa ubao mbovu, hutia mwengine, hupiga kalafati, na chombo hurudi majini. Hakuna nahodha aliyeambiwa, "Ubao mmoja umeoza, nunua jahazi jipya!"

Kompyuta nazo zilianza hivyo hivyo. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na nafasi tano ndani za kuongezea vifaa. Memori yake ya kuanzia ilikuwa KB 16 tu, na mwenyewe aliongeza kadiri ya uwezo wake. Hata laptopu nyingi za miaka ya 2000, ulifungua skrubu chini, ukatia memori nyengine au diski kubwa, mashine ikapata umri mpya.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ya skrini ya Retina ambayo memori yake imechomelewa kwenye mazabodi. Mwaka 2020 zikaja za chipu ya M1, memori na prosesa kifurushi kimoja. Ya bei ya chini ilikuwa na GB 8. Aliyetaka 16 alitakiwa aamue siku ile ile ya kununua na aongeze dola 200. Ni Oktoba 2024 ndipo GB 16 ikawa kiwango cha kuanzia. Na si Apple peke yake. Ziko laptopu rahisi za Windows zenye hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa vile vile, na Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64. Mgeni kaingia, mwenye nyumba kalala nje!

Tuwe na insafu. Memori ikikaa karibu na prosesa huenda kasi na hula umeme kidogo, na mashine huwa nyembamba. Hoja hiyo ni kweli. Lakini kampuni ya Framework tangu 2021 yauza laptopu ambazo mwenyewe hufungua na kubadilisha vipande. Na mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad P1 yenye memori nyembamba ya aina ya LPCAMM2, inayofungwa kwa skrubu. Kumbe yawezekana!

Sisi wa Faza yatuhusu nini? Mzazi avuke bahari hadi Lamu, tena apande basi Mombasa, atoe akiba yake ya uvuvi, anunue laptopu moja ya miaka minne ya chuo. Mwaka wa pili imejaa. Ataambiwa, "Hifadhi mtandaoni." Sawa, lakini bando ni nani atalipa? Na zito zaidi: mazabodi ikifa, diski ya kutoka huitoa ukaitia kwenye mashine nyengine, kazi yako ikasalimika. Iliyochomelewa, mara nyingi kazi huzikwa nayo.

Basi, ndugu msomaji, shika haya.

Kwanza, uliza kabla ya kulipa: memori yaongezeka? Diski yatoka? Nambari ya modeli iandike, umuulize fundi unayemwamini.

Pili, ikiwa haiongezeki, nunua ya kukutosha tangu mwanzo. Usijiambie utaongeza mbele, mbele hakuna.

Tatu, mtumba unaofunguka waweza kukufaa kuliko mpya iliyofungwa. Lakini angalia kama yakubali Windows 11, maana Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikikataa, Linux ni bure.

Nne, weka nakala nje. Darsa ya saa moja, sauti tupu ya MP3 ya kiwango cha kawaida, ni kama MB 58. Darsa za mwezi mzima, moja kila siku, hazifiki GB 2. Fleshi ndogo yatosha. Zinazojaza diski ni video.

Nanyi wenye maduka: katika dini yetu muuzaji haruhusiwi kuficha aibu ya bidhaa. Na Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike na alichonunua. Kusema "hii haiongezeki" ni neno moja tu. Liseni kabla pesa hazijahesabiwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.