Vyombo Ndani ya Damu

Ndugu zangu katika imani, kolesteroli haiyeyuki katika damu. Mola ameijaalia vyombo vya protini. Vimo viipelekavyo mwilini, na vimo viirejeshavyo kwenye ini. Mwili unapopatwa na uambukizo, ini humwaga protini iitwayo amiloidi A. Nayo hupanda vyombo vya marejesho, ikawasukuma mabaharia wenyeji, na kazi ikazorota.

Jirani yetu hapa Cedar-Riverside, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys alianza mwaka 1947 kuwapima wanaume wazima wa afya, ili ajue moyo huanzaje kuugua. Nasi tusingoje maumivu. Damu kidogo ya kipimo haibatilishi saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Na mwenye dawa ya kolesteroli asiiache kwa sababu ya Ramadhani. Amuulize daktari wake kama aweza kuinywa usiku. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.