Shoka Lililolegea Mpini

Somo letu la leo latoka Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, mstari wa 5. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue. Kama uko jikoni, au uko njiani kwenda kazini, sikiliza tu.

Musa anatoa mfano wa watu wawili walioingia msituni kukata miti. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Watu hawa hawakuwa na ugomvi wowote. Ndiyo maana Mungu aliamuru itengwe miji ambayo mtu wa namna hiyo angeikimbilia, asije akauawa na jamaa za marehemu.

Mfano huo hunijia kila nipitapo Kariandusi, pale karibu na Gilgil, juu ya Ziwa Elementaita. Mwaka 1928 Louis Leakey, yule mwana wa wamishenari wa Kabete, aligundua hapo mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Mengine ni ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Hayana mpini, mtu aliyashika kwa kiganja. Chuma hakikuweza kuchomoka, lakini nadhani vidole vingi vilikatwa.

Karibu na mashoka hayo kuna machimbo ya udongo mweupe uitwao diatomaiti. Ni mwepesi kama unga, nao ni mabaki ya mimea midogo mno ya majini iliyoishi katika ziwa la zamani. Hutumika kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi. Watu wamechimba hapo miaka mingi. Sisemi habari za kampuni yoyote. Nasema habari za vumbi. Vumbi la silika, hasa la udongo wa namna hiyo uliokwisha kuchomwa katika tanuru, likivutwa kwa miaka mingi huacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao huwapata pia wakata mawe. Haumwangushi mtu kwa dakika moja kama chuma cha shoka. Huanza na kukohoa, kisha kupanda kilima kidogo tu kunamshinda, na dawa ya kuyaondoa makovu yale haipo.

Sasa fungua Kutoka, mlango wa 21, mstari wa 29. Hapo kuna ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe ameonywa, wala hakumfunga. Ng'ombe akiua mtu, mwenyewe ana hatia ya damu. Waona tofauti yake na yule wa msituni? Yule hakujua. Huyu alijua.

Kabla sijaitwa katika kazi ya Injili, nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha mbao. Mkanda wa msumeno ulikuwa umefunikwa na bati lililoshikwa kwa bolti nne. Jumatatu moja niliona bolti mbili sakafuni. Niliziokota, nikaziweka dirishani. Nikasema moyoni: fundi ataziona, na mimi ni kibarua tu, nani atanisikiliza? Siku ya Alhamisi bati lilianguka wakati kijana mwenzangu akipokea ubao, na mkono wake ukavutwa ndani. Alipona, lakini alirudi kwao na vidole viwili. Watu walisema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Nami nikaitikia pamoja nao, huku nikijua bolti ziko wapi.

Ndugu yangu, nilikuwa nimejiweka pamoja na mtu wa msituni, kumbe nilikuwa mwenye ng'ombe.

Wengi hudhani usalama ni kazi ya tajiri peke yake. Ni kweli kwamba mzigo mkubwa ni wake, na kama ananyima watu barakoa ili aokoe shilingi chache, atajibu mbele za Mungu. Lakini anayesimama kando ya mashine tangu asubuhi ndiye anayesikia mlio wake ukibadilika. Meneja yuko ofisini.

Hata sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2007, ya Usalama na Afya Kazini, yaona hivyo. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanyakazi akiona hatari kubwa, amwarifu msimamizi mara moja. Na ni marufuku kumfukuza mtu kwa sababu ameleta malalamiko ya usalama. Najua kwamba woga hauishi kwa sababu ya maandishi, hasa kwa kibarua wa siku. Basi usiende peke yako. Nendeni wawili, kwa heshima, mseme kitu kilicho wazi: bati hili, bolti hizi, tangu Jumatatu. Andika tarehe. Asiposikia nyapara, mpelekee mjumbe wa kamati.

Na wewe uliyepewa barakoa ukaitundika msumarini ukisema Mungu atakulinda, soma Mathayo mlango wa 4. Yuko aliyemshauri Bwana wetu ajitupe chini kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa. Najua barakoa ina joto, tena inawasha usoni. Ivae.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wanaoingia zamu ya usiku huu katika machimbo, viwandani na mashambani. Mpe ujasiri yule aliyeona kitu kimelegea na bado hajasema, nasi tulionyamaza utusamehe. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.