Mama Alipoambiwa Ana Deni la Kodi
(Mazungumzo na wanakisomo wa Chiungutwa)

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kodi. Hatutazungumza juu ya kodi zote, maana tungekesha hapa. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: mzazi mzee anapoambiwa ghafla kwamba ana deni la kodi, sisi watoto tufanye nini.

Kwanza tuwaelewe wazee wetu. Ukitaja neno kodi, kijana anafikiri fedha. Mzee anafikiri mambo mengine. Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898. Baadaye Waingereza wakaja na kodi ya nyumba na ya kichwa. Babu zetu wengi waliondoka huku kwenda kukata mkonge. Hawakuupenda mkonge. Walitafuta shilingi za kodi. Tena halmashauri za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984, ikaja kodi ya maendeleo. Hiyo wengi wetu tunaikumbuka wenyewe. Mtu akienda gulioni bila stakabadhi, moyo unamdunda. Wengine walilala porini wakisikia mgambo wanakuja. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini wako wazee ambao bado wametunza stakabadhi zake ndani ya mkebe. Usiwacheke. Walijifunza kwa shida kwamba karatasi inaweza kumwokoa mtu.

Sasa tuwaeleze yaliyompata mama yetu. Sisi ni watoto wake watatu. Wawili tunalima hapa Chiungutwa, mmoja yuko Dar es Salaam. Mama ana miaka 71. Baba, ambaye ni marehemu, alijenga nyumba Masasi mjini kwa fedha za korosho. Ni nyumba ya tofali na bati, vyumba vitatu. Mama anakaa huko, ila kila mwaka msimu wa mikorosho ukikaribia anafunga mlango anakuja shamba. Tumemwambia apumzike, hataki. Anasema mikorosho ile aliipanda yeye.

Mwaka 2024 alikuja shamba mwanzoni mwa Juni. Akarudi Masasi mwishoni mwa Novemba. Alipofika akakuta nyumba giza, umeme umekwisha. Akampa kijana wa kibandani shilingi 10,000 amnunulie umeme. Kijana akabonyeza simu, akaingiza zile namba kwenye mita. Uniti zikaingia 8 na kidogo. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona kidogo hivi?" Kijana akajibu, "Bibi, una deni la kodi." Akaendelea na wateja wengine.

Mama hakulala usiku ule. Asubuhi akatupigia simu. Alituambia nini? Alisema, "Uzeni lile gunia la korosho kwa yule kijana wa kangomba, mniletee fedha upesi kabla hawajaja."

Ninyi mnajua kangomba. Ni kuuza korosho kwa mnunuzi wa mlangoni, kwa bei anayotaka yeye, na kwa kipimo chake. Gunia lile tulikuwa tunasubiri kulipeleka chama cha msingi, liende ghalani, liuzwe mnadani, kama utaratibu wa stakabadhi ghalani ulivyo tangu mwaka 2007. Mzee mwenye hofu ndiye mteja mzuri wa kangomba. Anataka fedha leo, basi anapokea chochote.

Tukamwambia, "Shikamoo mama. Tulia kwanza. Hatuuzi kitu mpaka tusome." Mmoja wetu akapanda gari kwenda Masasi. Akaomba ule ujumbe wa simu ulioletwa uliponunuliwa umeme. Kijana wa kibandani hakuwa ameufuta, tunamshukuru.

Jamani, ujumbe ule si wa kutisha. Una tarakimu 20 ambazo ndizo zinaingizwa kwenye mita. Halafu unaonyesha fedha ulizotoa zimekwenda wapi: umeme wenyewe kiasi gani, VAT kiasi gani, fungu la EWURA, fungu la REA, na mwisho deni lililokatwa. Hapo kwenye deni palikuwa na 9,000.

Tukakaa na mama tukahesabu kwa kalamu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Unaponunua umeme, kodi ya mwezi huo inakatwa. Usiponunua, kodi haisahauliki, inajilimbikiza. Mama hakununua umeme Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba. Miezi 6 mara 1,500 ni 9,000. Toa kwenye 10,000, inabaki 1,000. Hiyo ndiyo iliyonunua zile uniti 8.

Sasa tazameni. Mama alikuwa anataka kuuza gunia zima la korosho ili alipe deni ambalo lilikuwa limekwisha kulipwa jana yake! Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Hakukuwa na hata shilingi moja iliyobaki. Mama alipoelewa, alikaa kimya, kisha akasema, "Basi nipikieni chai." Lakini aliomba tumwandikie ile hesabu kwenye karatasi, naye akaitia kwenye mkebe wake.

Mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo tunaomba msikilize sana.

Sheria ya kodi ya majengo ina huruma kwa baadhi ya watu. Nyumba ya udongo au ya nyasi ya kukaa haitozwi. Na mzee aliyetimiza miaka 60, ambaye hana kipato, anaweza kusamehewa kodi ya nyumba moja, ile anayokaa mwenyewe. Ya kupangisha haimo. Lakini mashine haijui umri wa mama yako. Lazima mtu aombe. Unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa anayemfahamu mzee, akupe barua. Unachukua kitambulisho cha taifa kinachoonyesha mwaka wa kuzaliwa, na namba ya mita. Kisha unakwenda ofisi ya halmashauri. Wakikuelekeza TRA, nenda TRA, na kila unapoacha barua baki na nakala iliyogongwa mhuri.

Tukaanza safari hiyo. Swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa hili: nyumba ni ya nani? Mita ilikuwa na jina la baba. Karatasi ya kiwanja ina jina la baba. Baba alifariki miaka 9 iliyopita. Kwa maandishi, mama alikuwa anakaa kwenye nyumba ya marehemu.

Ndugu zetu, huku kwetu mnajua desturi. Mali ya mwanamume, wapwa wake nao wana neno. Watoto wa dada yake wanasema, "Hii ni ya mjomba wetu." Tangu msiba hakuna aliyetaka kuligusa jambo hilo. Mama alikuwa anaogopa kuuliza, sisi tulikuwa tunaona haya, na wapwa walikuwa wananyamaza. Kodi ya shilingi 1,500 ndiyo iliyotufanya tukae mkekani.

Tuliitisha kikao cha ukoo hapa hapa Chiungutwa, baada ya mavuno. Hatukuanza kwa kusema habari za urithi. Tulianza kwa kuwasomea wapwa ule ujumbe wa umeme, na kuwaeleza kwamba mama yao, maana kwao pia ni mama, anakatwa kodi ambayo angeweza kusamehewa. Mpwa mkubwa alifikiri kwa muda. Akauliza, "Na sisi tukisema nyumba ni yetu, kodi ataendelea kukatwa yeye?" Tukamjibu ndiyo, maana anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Maneno yalikuwa mengi, mengine makali, hatutayasema yote. Mwisho wakakubali kwamba nyumba ni ya mama, na wao wakabaki na shamba la mikorosho la upande wa chini ambalo baba alilirithi kwao. Tuliandika muhtasari. Kila mtu akatia sahihi. Bibi mmoja ambaye hakusoma akaweka dole gumba.

Muhtasari huo na cheti cha kifo tukavipeleka mahakama ya mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi. Ilichukua miezi. Sasa nyumba inahamishiwa kwa jina la mama, na barua yake ya kuomba msamaha imekwisha kupelekwa. Mpaka jibu lipatikane, makato yanaendelea kama kawaida, nasi tunamnunulia umeme kidogo kila mwezi hata akiwa shamba, ili deni lisijikusanye tena. Tunapokezana sisi watatu. Yule wa Dar es Salaam analipa kwa simu.

Tuongeze neno kwa wale ambao wazazi wao wana wapangaji. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, basi yeye ndiye anayemlipia mwenye nyumba kodi ya jengo. Akija kumwambia mzee kwamba 1,500 ipunguzwe kwenye pango, asifukuzwe kama mkorofi. Ana haki. Mwombeni tu alete ujumbe wa simu mwone kilichokatwa.

Na wako matapeli. Ukipata ujumbe unaosema mama yako ana deni, tuma fedha kwa namba hii ya mtu, usitume. Malipo ya serikali yana namba yake ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Akija mtu mlangoni anadai fedha taslimu, mwulize jina, mwombe karatasi, mpeleke kwa mwenyekiti. Mtumishi wa kweli hatakasirika.

Kipindi kijacho, kila mwenye mzazi anayetumia LUKU aje na ujumbe wa mwisho wa kununua umeme. Kama simu ni ya mzee, muulize kwanza, usiichukue kimya kimya. Njooni na kalamu na daftari la hesabu. Tutausoma mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye mita yake ina jina la marehemu tutakaa naye mwishoni, pembeni.