Mji wa Kinloch na Hesabu ya Watu Wake

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo juu ya miji midogo ya ng'ambo, kama yalivyosomwa.)



Nimeombwa niseme juu ya historia ya mji mdogo wa kiunga na hesabu ya watu wake, nami nimechagua mji ambao labda wengi wenu hamjapata kuusikia. Jina lake ni Kinloch, nao uko katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani, kaskazini-magharibi ya mji mkubwa wa St. Louis ulio kando ya mto Mississippi. Eneo lake lapata robo tatu tu ya maili moja ya mraba. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuuvuka kabla jasho halijamtoka. Walakini mambo yaliyoupata yatufaa sisi tunaoishi katika nchi ambayo miji mikubwa yameza mashamba na vijiji vya kandokando kila mwaka.

Kwanza neno lenyewe. Watu wa pwani waliita kiunga shamba la miti ya matunda lililo nje ya mji, mahali ambapo mtu huenda kupunga upepo. Baadaye likawa jina la makao ya watu wafanyao kazi mjini na kulala nje yake. Kinloch ilianza hivyo hivyo. Katika miaka ya 1890 wenye ardhi waliikata vipande vya kujengea karibu na njia ya reli, wakawauzia Wazungu waliotaka kushinda St. Louis na kulala penye hewa safi. Watumishi wao wengi walikuwa watu weusi, na mtumishi naye hana budi kupata mahali pa kulaza kichwa. Kidogo kidogo vipande vya upande mmoja vikauzwa kwa watu weusi, na habari ikaenea kwamba huko nje kuna ardhi ambayo mtu mweusi aweza kuinunua na kuandikiwa hati kwa jina lake mwenyewe.

Jambo hilo halikuwa dogo. Katika mwaka wa 1916 wapiga kura wa St. Louis walikubali sheria ya kuwatenga watu kwa rangi zao, mtaa kwa mtaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilizivunja sheria za namna ile mwaka uliofuata, lakini watu walipata njia nyingine: waliandika katika hati za nyumba sharti kwamba nyumba hiyo isiuzwe wala isikaliwe na mtu mweusi. Masharti hayo yalitiliwa nguvu na mahakama hata tarehe 3 Mei 1948, ilipoamuliwa kesi ya bwana mmoja wa St. Louis, jina lake Shelley, aliyenunua nyumba yenye sharti hilo. Mahakama Kuu ilisema kwamba mahakama za serikali haziwezi kumtoa mtu nyumbani mwake kwa ajili ya sharti la rangi. Basi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, mtu mweusi mwenye fedha zake za halali alikuwa na mahali pachache pa kuzitumia kwa kujenga, na Kinloch ilikuwa mojawapo.

Kuna habari moja ya Kinloch ambayo yatugusa sisi wa Kenya. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hata mwaka wa 1909, ndiye yule aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili wa mwaka huo akapanda gari la moshi kwenda bara kuwinda. Aliporudi kwao alialikwa kutazama maonyesho ya eropleni katika kiwanja cha Kinloch. Tarehe 11 Oktoba 1910 akapanda eropleni ya akina Wright iliyoongozwa na Arch Hoxsey, akakaa angani karibu dakika nne. Hapana Rais wa Marekani, awe kazini au amekwisha kustaafu, aliyepata kuruka kabla yake. Watu walipiga makofi. Siku ile ndege ilikuwa mchezo wa kutazamwa, wala hapana aliyefikiri kwamba makelele yake yangekuja kuuhamisha mji.

Sasa niseme juu ya mipaka, maana bila mipaka hamtafahamu yaliyofuata. Mji wa St. Louis ulijitenga na wilaya yake mwaka wa 1876, na mipaka yake ikafungwa pale pale. Mji ulipojaa, watu walimwagikia wilayani, na kila kundi la nyumba likajifanyia mji wake, wenye meya wake, na mara nyingi wenye polisi na mahakama yake. Ndiyo sababu Wilaya ya St. Louis ina miji zaidi ya 80, mingine yenye mitaa michache tu. Mwaka wa 1950 St. Louis penyewe palikuwa na watu 856,796; mwaka wa 2020 palikuwa na 301,578. Waliopungua hawakufa wote. Wengi walihamia viungani.

Katika mwaka wa 1937 Wazungu wa jirani walijitenga wakaunda mji uitwao Berkeley, kusudi wapate wilaya ya shule iliyo yao peke yao. Wakati ule hapana aliyejua kwamba mstari ule wa karatasi ungekuwa na thamani kubwa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1939, ilianzishwa kampuni ya kuunda ndege ya McDonnell, ambayo kiwanda chake kikubwa kilikuja kuwa ndani ya mpaka wa Berkeley. Kodi ya kiwanda ikajenga shule za Berkeley. Kinloch, iliyosikia ngurumo zile zile za ndege, haikupata kodi hiyo. Ilikuwa na nyumba ndogo za watu wa mshahara mdogo, na kodi ya nyumba ndogo ni ndogo. Watu husema kwamba mji fulani ni maskini kwa sababu watu wake ni wavivu. Mimi naona yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyechora mpaka, na kiwanda kiko upande gani.

Pamoja na hayo, mwaka wa 1948 watu wa Kinloch walijiandikisha kuwa mji kamili, wa kwanza katika jimbo la Missouri kuundwa na watu weusi. (Ni mwaka ule ule ambao watu wote wa Kenya, Waafrika pamoja, walihesabiwa kwa utaratibu kwa mara ya kwanza.) Wakapata meya wao, madiwani wao na polisi wao. Walikuwa na shule tangu za watoto wadogo hata ya juu, makanisa na maduka yao. Hesabu ya mwaka wa 1960 ilikuta watu 6,501. Wako wasemao kwamba mji uliwahi kufika watu 10,000, lakini kitabu cha serikali hakina hesabu kubwa kuliko hiyo. Kila nisomapo majina ya watu waliokulia pale, kama Bibi Jenifer Lewis mchezaji wa sinema, naona kwamba mji maskini waweza kulea watoto vizuri.

Mji wa jirani upande wa mashariki ni Ferguson, uliokuwa wa Wazungu. Kati ya miji hii miwili inapita barabara ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Barabara ya Kiunga. Katika miaka ya 1960 njia hiyo ilifungwa kwa mnyororo. Njia nyingine iliachwa wazi mchana, ili akina mama wa Kinloch waweze kwenda Ferguson kupika na kulea watoto wa watu.  Mwaka wa 1968 watu waliandamana, na kizuizi kikaondolewa. Mwaka wa 1975 mahakama iliagiza wilaya za shule za Kinloch, Berkeley na Ferguson-Florissant ziunganishwe kuwa moja. Watoto wakapata shule zenye fedha, na hilo lilikuwa haki. Lakini Kinloch ikakosa shule yake ya juu, na mji usio na shule yake huanza kulegea kama nyumba iliyotolewa nguzo.

Hesabu zaonyesha hivyo. Mwaka wa 1970 watu walikuwa 5,629. Mwaka wa 1980 walikuwa 4,455.

Ndipo ndege iliporudi. Kiwanja kikubwa cha ndege cha Lambert, kilicho jirani, ni mali ya mji wa St. Louis, ingawa kiko nje ya mipaka yake. Katika miaka ya 1980 wakuu wa kiwanja walianza kununua nyumba za Kinloch. Sababu waliyoitoa ilikuwa makelele ya ndege za jeti, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Mtu asiyeweza kusikia mahubiri kanisani kwa sababu ya ndege ana haki ya kulalamika. Nyumba zilinunuliwa moja moja, wenyewe wakalipwa, kisha nyumba zikabomolewa.

Siwezi kuwalaumu waliouza. Mzee ambaye vikombe vyake hutetemeka kabatini kila ndege ipitapo, akiletewa bei, huweka sahihi. Lakini fikirini habari ya jirani yake asiyetaka kuuza. Leo nyumba ya kuume imebomolewa. Mwezi ujao ya kushoto. Duka lapoteza wanunuzi, mwenye duka afunga. Baraza la Mji lapoteza kodi, kwa hiyo taa za barabarani hazitengenezwi, na polisi wapunguzwa. Usiku watu wa mbali waja kutupa takataka na magurudumu makuukuu katika viwanja vitupu. Mwisho huyo jirani naye auza, wala si kwa sababu ya makelele tena, bali kwa sababu hana jirani. Mpangaji ndiye aliyekuwa na neno dogo kupita wote, maana uamuzi ulikuwa wa mwenye nyumba. Kila mwenye nyumba alilipwa bei ya nyumba yake, lakini mji haukulipwa chochote, kwa kuwa mji si mali ya mtu mmoja awezaye kuweka sahihi.

Mwaka wa 1990 walihesabiwa watu 2,702. Mwaka wa 2000 walikuwa 449. Yaani katika kila watu sita, watano walikuwa wamekwenda zao katika miaka kumi.

Walikwenda wapi? Wengi walivuka ile barabara ya mnyororo wakapanga Ferguson. Mwaka wa 1970 Ferguson, katika kila watu 100, mtu mweusi alikuwa karibu mmoja; mwaka wa 2010 walikuwa 67. Watu walibadilika, lakini waliotawala hawakubadilika upesi hivyo: mwaka wa 2014 meya alikuwa Mzungu, na katika madiwani sita mmoja tu alikuwa mweusi. Tarehe 9 Agosti 2014 polisi wa Ferguson alimpiga risasi kijana Michael Brown akafa, na ghasia zilizofuata zilisikika duniani kote. Taarifa ya Serikali ya Marekani iliyotolewa mwezi wa Machi 2015 ilieleza kwamba polisi wa Ferguson walihimizwa kutoza faini ili kujaza mfuko wa mji. Baraza lilitazamia kupata kwa faini karibu dola milioni 3 katika mapato ya milioni 13 hivi. Hapa tena mtaona shida ya mji mdogo: ukikosa kiwanda, hutafuta kodi katika mifuko ya wapita njia. Mwezi wa Juni 2020 Bibi Ella Jones alichaguliwa kuwa meya, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo Ferguson.

Kinloch nayo haikukosa aibu zake, wala si haki kuzificha. Mwaka wa 2011 meya wake wa wakati huo alikiri mahakamani kwamba alitumia fedha za mji kwa mambo yake. Mwaka wa 2015 meya mpya alichaguliwa, na alipokwenda kushika kazi, polisi wa mji wake mwenyewe walimzuia asiingie ofisini. Wapinzani wake walidai kwamba baadhi ya wapiga kura hawakuwa wakazi wa halali. Katika mji wa watu elfu sita, kura za watu kumi ni jambo la kucheka. Katika mji wa watu mia tatu, ni serikali nzima, na swali la nani akaa wapi huwa ugomvi wa kila siku.

Hesabu ya mwaka wa 2010 ilikuta watu 298, na ya mwaka wa 2020 watu 263. Katika sehemu ya ardhi iliyonunuliwa limejengwa ghala kubwa la kampuni ya maduka ya vyakula, lililofunguliwa mwaka wa 2016, na malori huingia na kutoka. Makanisa machache yalibaki baada ya nyumba kubomolewa. Jumapili watu waliohamia Ferguson na kwingineko walikuwa wakirudi kusali pale, na hao hawamo katika kitabu cha hesabu ya Kinloch.