Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu





Kikundi hiki tulikianza mwaka 2015, akina mama 18, tukikaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, na wengine hata hapo hawakufika. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Tulikuwa na daftari moja na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zake mpaka leo zinakaa kwa watu watatu mbalimbali, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Leo tuko 30. Mambo ya fedha mhazini atayasoma kwenye taarifa yake. Sisi tunataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa kwenye daftari la mhazini, nalo ni namna ya kukaa na watu.

Mnakumbuka Machi 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, shule zote zilifungwa. Mwenzetu mmoja alikuwa anauza vitumbua kwenye geti la shule. Yumo humu ndani, na ametupa ruhusa tuseme. Alikuwa amekopa shilingi 300,000. Shule zikafungwa, wanunuzi wakaisha. Rejesho la kwanza halikuja, la pili halikuja, na yeye mwenyewe akaacha kuja mkutanoni kwa aibu.

Sisi viongozi tukafanya nini? Hatukumwuliza kitu. Tukaondoka watu sita, mwenyekiti mbele, mpaka kwake, saa kumi jioni majirani wakiwa nje. Tukatoa jiko lake, sufuria mbili, na chuma cha kuchomea vitumbua. Watoto wanatazama. Tukarudi tunajisifu kwamba kikundi chetu hakina mchezo. Katiba yetu haikutuambia tufanye vile, jamani. Ni hasira na cheo tu.

Mkutano uliofuata, mwanachama mdogo kuliko wote akasimama bila ruhusa, akauliza: "Mama mwenyekiti, shule zikifunguliwa huyo dada atapikia nini, na deni letu atalilipa na nini?" Tukamtoza faini ya shilingi 500 kwa kusema bila kuruhusiwa. Mkutano ukaendelea.

Lakini swali lile halikutuacha tulale. Mtu umemnyang'anya jembe, halafu unakwenda kumdai mavuno! Baada ya wiki moja vitu vile tukavirudisha wenyewe, kwa miguu yetu, tena saa ile ile ya jioni, ili majirani walioona mabaya waone na mazuri. Tukaomba radhi. Hakusema neno, akalia tu, na sisi tukalia. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni akaanza upya, akalipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Leo ufunguo mmoja kati ya zile tatu uko kwake.

Basi kutokana na hayo tumejifunza mambo matatu, na tungependa vikundi vyenzetu vilivyotualika na kutualikia wayachukue.

La kwanza, kuuliza si ujinga. Siku hizi mtu akikosa rejesho, kabla jina lake halijatajwa mkutanoni, wawili wetu wanakwenda kumwona, na robo ya sukari mkononi. Wanakaa, wanasikiliza. Mara nyingi tunakuta kuna mtoto amelazwa, au mume amechukua mtaji, au biashara imeharibika. Mwenye shida tunampangia upya. Mjanja pia tunamjua huko huko, na huyo sheria inafuata mkondo wake, maana fedha ni ya wote. Na tumeandika kwenye katiba: chombo cha kazi cha mwanachama hakichukuliwi.

La pili, kiongozi amsikilize mdogo. Sisi wa meza ya mbele tulikuwa na umri, tulikuwa na kalamu na muhuri, lakini akili siku ile ilikuwa kwa aliyekaa nyuma kabisa. Mtu hakui kwa kuitwa mheshimiwa. Anakua siku anapoweza kusema "tulikosea" mbele ya watu anaowaongoza.

La tatu, wazee walitufundisha kwamba cheo ni dhamana. Nasi akina mama wa kukopa dhamana tunaijua: ni mali ya mwenzio umeshikilia, siku ikifika unairudisha. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985, na nchi ikaendelea. Je, sisi na sanduku letu la bati? Kwa hiyo uchaguzi ujao mwenyekiti huyu hatagombea. Atakaa kwenye benchi kama wengine, anunue hisa, na akichelewa alipe faini.

Na kuhusu faini, bado tuna deni moja. Zile shilingi 500 za mwaka 2020 ziko kwenye bahasha hii. Tunamwomba mwenzetu aje mbele azipokee, mgeni rasmi akiwa shahidi. Swali lako, mwanangu, lilikuwa na thamani kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia sandukuni.

Tunawashukuru wote mliotuunga mkono, waliotukopesha viti, waliopika, na waume waliobaki na watoto siku za mikutano. Palipo na kasoro mtusamehe.